Maua Yasiyo na Tumbo

Anastasie alikuwa akichuma maua ya maboga kabla jua halijachomoza, kwa haraka, kama mtu anayeiba katika bustani yake mwenyewe. Umande ulimlowesha mpaka magotini. Kila ua alilishika kwa chini kwanza na kulipapasa kwa kidole gumba. Likiwa na tumbo, yaani kile kiboga kidogo cha kijani kinachokaa nyuma ya ua kama mimba changa, aliliacha. Likiwa na mguu mtupu, mwembamba, alilikata na kulitia katika kikapu.

Hiyo ndiyo sheria aliyofundishwa na mama mkwe wake, Suzanne, siku alipoletwa Lubondja kuolewa. "We ni mutoto wa ziwa," mzee alimwambia. "Kwenu Nundu munajua samaki, shamba hamujui. Sikiliza. Ua lenye tumbo ni mama, usiliguse. Lisilo na tumbo ni livivu tu, linakula mbolea ya bure. Hilo ndilo la kupika."

Siku ile wanawake wote waliokuwa jikoni walicheka. Mwaka huu hapakuwa na wa kucheka. Mvua zilichelewa, na zilipokuja, monita wa pamba, msimamizi wa kilimo wa serikali, alipita nyumba kwa nyumba na daftari yake: pamba kwanza, mahindi baadaye. Kwa hiyo mahindi yalikuwa bado hayajafika kiunoni, na ilikuwa Desemba. Mihogo ililiwa na nguruwe wa porini. Placide, mume wa Anastasie, alikwenda Albertville kutafuta kazi ya bandarini, na tangu Pasaka haikuja barua wala salamu. Nyumbani walibaki watatu: Suzanne, Anastasie, na Félicité.

Félicité alikuwa na miaka minne. Mashavu yake yalikuwa ya mviringo, miguu yake minene, na mpita njia asiyejua angesema huyu mtoto anakula vizuri. Lakini nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya majani makavu, na ngozi ya miguu iling'aa kama imepakwa mafuta. Anastasie alikuwa amembeba mgongoni siku mbili nzima mpaka dispensari ya Baraka. Muganga Henri alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole, kisha akamwonyesha mama yake shimo lililobaki.

"Unaona? Hii si unene. Hii ni njaa iliyovaa nguo ya unene."

Alimpa maziwa ya unga katika mfuko wa karatasi, ya juma moja. Akamwambia ampe ndagala, wale dagaa wa ziwani, karanga, mbegu za maboga, chochote chenye nguvu, hata kwa ncha ya kidole. Walipokuwa wakitoka alimwita tena mlangoni.

"Mama, usingoje aombe chakula, hataomba. Watoto wa namna hii hawana hata hasira. Ukimwona amekasirika siku moja, umshukuru Mungu. Ndiyo ameanza kurudi."

Maziwa yalikwisha. Karanga zilikuwa bado maua ardhini. Ndagala waliletwa kijijini na Assani kwa baiskeli, lakini Assani alikuwa amekwama Baraka kwa juma la tatu, maana ziwa lilichafuka na mitumbwi haikutoka. Yakabaki maboga. Bustani ile nyuma ya jiko ilinyweshwa maji ya kuoshea vyombo, ikashika hata wakati mvua zilipokataa. Mashina yake yalitambaa mpaka kwenye uzio wa miti, na maua yenye tumbo yalikuwa mengi. Anastasie aliyahesabu mbele ya Mungu kama shanga za rozari. Yakikua, mtoto atakula nyama yake, kisha mbegu zake, mpaka mahindi yatakapokomaa.

Lakini hayakukua. Ua lenye tumbo lilifunguka asubuhi, likafumba, na siku ya tatu kiboga kilianza kuwa njano kuanzia nchani, kikalegea kama kidole cha mgonjwa, kikaanguka. Alikuwa amekwisha kuokota kumi na saba. Kila asubuhi alinyunyiza bustani kwa maji yaliyobarikiwa, kutoka katika chupa ndogo aliyopewa misioni. Alipiga magoti kwenye matope akasema, "Ee Bwana, sikuombi nyama. Sikuombi hata Placide, maana nimekwisha kukuomba na umesikia. Nakuomba boga moja lisioze."

Kikapu kilipojaa alirudi jikoni na kukaa kizingitini kuyatengeneza maua. Alipasua kila ua, akatoa ule ulimi wa njano ulioko katikati, maana ni mchungu, akautupa pembeni. Alimenya vijiti vya kijani vinavyolizunguka shingo. Kisha alikung'uta sisimizi wote, akaosha, akakata. Majani ya kitunguu aliyaomba kwa jirani. Mawese yalikuwa yamebaki kidogo chini ya chupa, akaikalisha chupa karibu na moto ili yateremke. Maua ya maboga yana udanganyifu wao: kikapu kizima kikiingia chunguni kinakuwa konzi moja. Yananukia vizuri, yanateleza kooni bila kutafunwa, na ndiyo sababu aliyapenda kwa ajili ya mtoto. Lakini mtu aliyeyala asubuhi, mchana hakumbuki kwamba alikula.

"Félicité, njoo mama, ufungue kinywa."

Félicité hakuja. Alikuwa ameketi kati ya mashina, mahali alipomwacha, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mikono yake ilikuwa ikifanya kitu. Alikuwa ameokota zile ndimi za njano zilizotupwa. Mbele yake palikuwa na ua kubwa lenye tumbo, limefunguka wazi, na mtoto alikuwa amelifanya kinu. Alishika ulimi mmoja kama mchi, akitwanga ndani ya ua polepole, midomo ikinong'ona: "Tu. Tu. Tu." Ulimi ulipokatika aliuacha humo humo, akachukua mwingine.

Anastasie aliona tu boga moja zaidi linaharibiwa. Mkono wake ulimtangulia. Alimpiga mtoto kofi kwenye kiganja, na vijiti vya njano vikatawanyika.

"Nimekwambia mara ngapi! Haya ya tumbo hayaguswi!"

Félicité alikitazama kiganja chake. Kisha alimtazama mama yake, bila kukunja uso, kama anavyotazama mtu aliyepita barabarani. Hakulia. Aliweka mkono juu ya paja.

Hapo Anastasie aliogopa kuliko siku zote. Alikwenda nyuma ya jiko, akajifunga mdomo kwa kitenge, akalia ili mzee asisikie. Mtoto aliyepigwa na asilie, amekwisha kwenda wapi? Toka siku ile Félicité hakutaka kutoka kwenye mkeka.

Siku ya nne baada ya kofi, jirani alikuja mpaka mpakani, mikono kiunoni. Alikuwa Siti, mke wa Assani, mwanamke mnene wa sauti, ingawa mwaka huo unene ulikuwa umebaki kwenye sauti tu.

"Mama Félicité! Toka tuonane kwa macho!"

"Kuna nini, Mama Useni?"

"Unauliza kuna nini? Maboga yangu yote yanadondoka kama meno ya mukongwe! Yote! Na yalianza siku ile ulipopita kwangu kuomba kitunguu."

"Na yangu je? Njoo uone chini hapa. Mi nilifikiri ni we na hirizi zenu."

"Hirizi zetu!" Siti alipiga makofi na kugeukia barabara kutafuta mashahidi, lakini barabara ilikuwa tupu. "Mi ndiye mwenye hirizi, na we unaamka kila asubuhi kumwagamwaga maji ya padri! Umeyaozesha na kwangu yametiririka!"

"Usitukane maji ya Mungu."

"Sitamutukana Mungu, nakutukana we!"

Suzanne alitoka na fimbo yake akawatazama wote wawili. "Kama muko na nguvu ya kupiga kelele," alisema, "mujue muko na nguvu ya kulima. Kila mutu arudi kwake." Wakarudi. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kusemwa, na asubuhi iliyofuata hakuna aliyemsalimu mwenzake. Anastasie alisali rozari, na alipofika kwenye "utusamehe makosa yetu" aliruka maneno yanayofuata. Alijua ameyaruka. Aliendelea.

Siku ya saba alikuwa akifunua majani kutafuta maua yasiyo na tumbo, nayo yalikuwa yamepungua, wakati mkono wake ulipogusa kitu kigumu. Alidhani ni jiwe. Aliinama. Lilikuwa boga, kubwa kama ngumi ya mwanamume, la kijani lenye michirizi, linang'aa. Halikulegea. Alilibonyeza kwa woga na halikubonyea.

Kwenye ncha yake ua lilikuwa bado limening'inia, limekauka. Alilifungua kwa kucha. Ndani mlikuwa na vijiti viwili vilivyonyauka, vya njano iliyogeuka kahawia. Aliinua macho kuona yuko wapi. Ni pale pale. Hapa mtoto aliketi, na hapa yeye alisimama na mkono wake.

"Mama!" aliita. "Mama, njoo upesi!"

Suzanne alikuja akidhani ni nyoka. Anastasie alimwonyesha boga, kisha vijiti, kisha akamweleza juu ya kinu na mchi, na juu ya kofi, maana hilo alikuwa hajamwambia mtu. Mzee alisikiliza. Halafu aliketi chini kwenye tope, na kitenge chake.

"Nyuki ale kwanza," alisema.

"Unasema nini, Mama?"

"Mama yangu mimi, ndivyo alivyosema kila mara tukienda kuchuma. 'Nyuki ale kwanza, mugeni afuate, mwenye nyumba awe wa mwisho.' Mi nilijua anatufundisha adabu ya wageni!" Alishika kichwa chake. "Tulikuwa tunachuma jua likiwa juu, maua yamekwisha kufumba. Nyuki wamekwisha kuingia hapa na kutoka pale, na vumbi la njano miguuni. Sasa sisi tunachuma alfajiri, kwa sababu ya njaa, na kwa sababu ukichelewa mwingine atakuchumia. Kijiji kizima. Nyuki anakuja, anakuta nini? Anakuta bamama peke yao."

Anastasie alitazama vidole vyake. Vilikuwa vya njano mpaka kwenye kucha, kama kila siku. Kwa mwezi mzima alikuwa akiosha vumbi lile na kulimwaga.

"Basi tumekula waume wote," alisema.

"Tumekula waume wote," Suzanne alikubali. Mdomo wake ulicheza kidogo. "Nilikwambia ni livivu. Labda nilikuwa namufikiria baba mukwe wako, Mungu amurehemu."

Ni Anastasie aliyecheka kwanza, na kicheko kikageuka kilio humo humo, na mzee alimwacha mpaka kikaisha.

Alimbeba Félicité kutoka ndani na kumweka mbele ya boga. "Angalia, mama yangu. Hili ni lako. Ni we uliyelitwanga. Mi nilikupiga bure, unisamehe." Mtoto alitazama pembeni. Lakini Anastasie alipochukua ule mkono uliovimba na kuulaza juu ya boga, mkono haukuondoka. Toka hapo alimleta kila asubuhi, na kila asubuhi mkono ulikaa juu ya boga.

Asubuhi iliyofuata hakukata maua kwa ajili ya chungu. Alikata machache tu, akayavua majani yake ya njano, na kwa kila ua lenye tumbo lililofunguka aliingiza ulimi na kuuzungusha polepole, kama alivyoona mtoto akifanya. Yalikuwa matatu. Kwa kila moja alisema Salamu Maria. Kisha alifunga kitenge vizuri akaenda mpakani, na miguu yake ilikuwa mizito kuliko siku ya kwenda Baraka.

"Mama Useni. Nimekuja kukuomba musamaha, na nimekuja kukuonyesha kitu."

Siti alisikiliza mpaka mwisho, uso umekunjamana.

"Kwa hiyo niamke niozeshe maua? Niwe shehe wa maboga?"

"Ndiyo."

"Na mahari nani anatoa?" Lakini alikwisha kuchukua ulimi ule mkononi mwa Anastasie na kuutazama kwenye mwanga. Alisema kwa sauti nyingine, "Mi pia nilisema maneno mabaya. Useni wangu alizikwa kwa ugonjwa huo huo wa miguu. Nikiona miguu ya mutoto wako, ninakuwa mukali. Sijui kwa nini."

Anastasie hakujua hilo. Miaka mitano walikuwa wakiishi mpaka mmoja, na siku zote alimwita kwa jina la mtoto yule akidhani yuko kwa wajomba ziwani.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Vumbi la njano halina haraka ya mtu mwenye njaa. Félicité alikataa hata maua, yalikaa kinywani na kurudi. Uvimbe ulipanda mpaka kwenye kope, macho yakawa mistari miwili. Katekista Casimir alikuja baada ya sala ya Jumapili akaweka mkono kichwani mwa mtoto. Alipomaliza hakusema atapona. Alisema, "Mapenzi yake yatimizwe," na Anastasie alimchukia kwa maneno yale ambayo yeye mwenyewe aliyasali kila siku.

Alipoondoka, Anastasie alichukua kisu.

Suzanne alisimama mlangoni. "Liache likomae, mwanangu. Mbegu zake bado ni maji. Muganga alisema mbegu."

"Likikomaa ni mwezi wa pili."

"Ni moja tu."

"Mama, Noeli haitamukuta."

Mzee aliondoka mlangoni. Anastasie alikwenda bustanini, na kabla ya kugusa boga la mtoto alipiga magoti kuangalia yale matatu aliyoyaozesha mwenyewe. Hakuwa ameyagusa kwa siku tano, kwa hofu. La kwanza lilikuwa limeanguka, njano, laini. Alifumba macho. La pili alilipapasa bila kutazama, na lilikuwa gumu. La tatu lilikuwa gumu pia, limevimba kama yai. Alikaa hivyo kwa muda, mkono mmoja kwenye kila boga, na hakuweza kusali neno lolote isipokuwa "Bwana."

Ndipo alipokata lile la Félicité.

Alilikatakata vipande vidogo na ganda lake, na mbegu zake za maji, hakutupa kitu. Aliongeza maua matano yaliyokwisha kufumba, ambayo nyuki, kama walikuwapo, walikuwa wamemaliza nayo. Mawese yalikuwa yamekwisha, akaisuuza chupa kwa maji ya moto na kuyamimina chunguni. Alikuwa akikoroga wakati Siti alipoingia bila kubisha hodi, ameshika kitu katika pindo la kitenge.

"Assani amerudi. Amerudi na kidogo tu, usifurahi." Alifungua pindo. Ndagala wakavu, konzi moja. "Usipike hivyo. Twanga wawe unga, hatawaona."

Walitwanga. Wakaponda vyote pamoja mpaka ikawa uji mzito wa rangi ya machungwa, na Anastasie alimweka mtoto mapajani na kumtia kinywani kwa ncha ya kidole, kama alivyoambiwa. Mara ya kwanza chakula kilirudi. Mara ya pili kilikaa shavuni kwa muda mrefu sana. Kisha koo lilicheza. Siti, aliyekuwa amesimama, aligeukia ukutani.

Kidole cha tatu, cha nne. Kilichobaki walikifunika. Jioni kidogo tena, na asubuhi tena, na siku ya pili mpaka chungu kikakwisha. Siti alileta konzi ya pili ya ndagala na kusema hii ndiyo ya mwisho, kama alivyosema juu ya ile ya kwanza.

Siku ya tatu asubuhi Anastasie alimbeba mtoto mpaka bustanini, kwa mazoea tu, miguu yake ilikwenda yenyewe. Alipiga magoti mahali pale na kufunua jani, ndipo akakumbuka. Palikuwa na kikonyo kilichokatwa, kimekauka nchani.

Félicité alinyosha mkono na haukukuta kitu. Alipapasa. Aliinamisha kichwa kutazama chini ya jani, kisha chini ya jani jingine.

"Boga yangu iko wapi?"

Sauti ilikuwa ndogo, yenye kutu. Anastasie aliliachia jani. Mtoto alimgeukia, na uso ule wa mviringo uliokaa kimya miezi miwili ulianza kukunjamana, kwanza paji, kisha midomo.

"Nani alikata boga yangu? Ni we! Ni we!" Akampiga mama yake kifuani kwa mkono uliovimba, kofi lisilo na nguvu, na akaangua kilio, kinywa wazi, machozi yakitiririka katika ile mistari ya macho.

"Ni mimi," Anastasie alisema. "Nipige, mama yangu. Nipige tena."

Félicité alimpiga tena. Kutoka jikoni Suzanne alipaza sauti, na fimbo yake ikasikika ikigonga ardhi kwa haraka.

"Kuna nini huko? Nani anamuliza mutoto?"

"Ni mimi, Mama! Amekasirika!"

Fimbo ilisimama. Kilio kiliendelea, kikapita juu ya majani, kikavuka mpaka, kikafika kwa Siti.

"Basi," mzee alisema polepole, "usimubembeleze."